Kabureta inayofurika, kabureta inayokauka: kusaka ubovu wa boya na kiwango cha petroli kwenye gari la zamani

Gari la zamani likianza kutoa moshi mweusi au kukosa nguvu, mkono wa kwanza wa watu wengi unakwenda kwenye skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Wanaikaza robo, wanailegeza nusu, gari linatulia siku mbili, kisha ugonjwa unarudi ukiwa na sura nyingine. Nimeona kabureta nzima kabisa zikitupwa kwa mtindo huo, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi petroli ndani ya bakuli la boya ilikuwa imepanda au imeshuka milimita chache tu. Kabla hujagusa jeti (tundu dogo linalopimia petroli), kabla hujagusa skrubu, hakikisha kwanza kiwango cha petroli. Vipimo vingine vyote vya kabureta vimepangwa kwa kuamini kwamba kiwango hicho kiko sawa.

Mpangilio wenyewe unaujua hata kama hujawahi kufungua kabureta, maana ni uleule wa tangi la maji la chooni. Petroli inaingia kwenye bakuli, boya linaelea na kupanda, ulimi wake unasukuma sindano juu mpaka inaziba tundu la kiti chake. Injini ikitumia petroli, boya linashuka, sindano inaachia, petroli inaingia tena. Injini ikifanya kazi kwa utulivu, sindano haifungi wala haifunguki kabisa. Inakaa inachezacheza katikati.

Kwa nini milimita mbili zilete balaa? Hewa inayopita kwa kasi kwenye koo la kabureta, yaani venchuri, ndiyo inayovuta petroli kutoka mdomo wa jeti. Petroli inalazimika kupanda kutoka kiwango chake bakulini hadi kwenye mdomo huo. Kiwango kikiwa juu, kupanda kwenyewe ni kufupi, hivyo mvuto mdogo tu unatoa petroli nyingi. Kikizidi hapo, petroli inadondoka yenyewe bila kuvutwa. Kikiwa chini, mvuto wa mwanzo unaishia kwenye kuipandisha, hewa inatangulia na mafuta yanachelewa. Ndipo unapokanyaga gari likapata kigugumizi.

Neno moja la usalama, na nalisema kwa uzito wote. Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa ya kutosha, injini ikiwa baridi, waya wa hasi wa betri ukiwa umetolewa kila unapofungua mpira wa mafuta, na kizima moto cha unga kikiwa karibu na mkono. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoroki kupitia juu. Unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la gereji na kusubiri cheche. Usitumie taa ya balbu ya kioo, kwa sababu ikianguka na kupasuka, waya wake wa moto unatosha kuwasha kila kitu.

Anza kwa kujua tatizo liko upande gani

Kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu halihitaji kufungua kitu. Washa injini, iache ipate joto la kawaida, choki (kifaa cha kuongeza mafuta injini ikiwa baridi) ikiwa imerudi kabisa. Bila kukanyaga, bana mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta kwa koleo ambalo meno yake umeyafunga kitambaa. Mpira uliozeeka na kupata nyufa usiubane, badilisha kwanza. Sasa sikiliza. Petroli iliyobaki bakulini itaiendesha injini kwa muda, na kiwango kitakuwa kinashuka polepole.

Ikiwa mlio unanyooka, mzunguko unapanda kidogo na injini inakuwa tamu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzimika, basi ilikuwa inazama kwenye mafuta. Ikiwa inaanza kutetemeka na kukohoa mapema bila kipindi chochote cha utamu, ilikuwa na njaa tangu mwanzo. Jaribio hili halikuambii sababu. Linakuambia uelekee upande upi, na hilo linaokoa mchana mzima.

Kwa gari lenye kabureta mbili, toa plagi zote uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Kwenye injini ya silinda nne ambayo kila kabureta inalisha silinda mbili, plagi mbili nyeusi kwa masizi na mbili za rangi ya kahawia hafifu zinakuonyesha kabureta mgonjwa kwa kidole. Zote nne zikiwa nyeusi, fikiria kitu ambacho kabureta zote zinashirikiana: presha ya pampu, choki, au chujio la hewa lililoziba.

Kiwango kikiwa juu

Dalili zake huwezi kuzikosa. Petroli inadondoka kwenye bomba la kumwagia ziada au pembeni mwa gasketi ya mfuniko. Kuna harufu ndani ya gari, moshi mweusi ukikanyaga, plagi nyeusi zenye unyevu, na injini inayowaka vibaya ikiwa na joto ingawa asubuhi iliwaka vizuri. Iliyo mbaya kuliko zote haionekani kwa nje: petroli inashuka kwenye silinda, inapita kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama kiwango kimepanda tangu ulipokipima mara ya mwisho na kijiti kinanuka petroli, usiwashe injini hiyo tena mpaka umalize kazi na kubadilisha oili. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Kumbuka pia kwamba kwenye magari yenye pampu inayosukumwa na injini, kiwambo cha pampu kikichanika kinaweza kumwaga petroli moja kwa moja kwenye oili, kwa hiyo usimhukumu boya kabla hujaikagua pampu.

Mtuhumiwa wa kwanza ni uchafu kwenye sindano. Chembe moja inatosha kuzuia sindano isikae kitini. Gonga mfuniko wa bakuli kwa mpini wa bisibisi, polepole, mara tatu nne, karibu na mahali mpira unapoingilia. Kama kumwagika kunakoma, umepata jibu la kwanza, lakini hujatibu. Chembe imesogea tu, na ilikotoka wamebaki wenzake.

Hapa nieleze lililonipata mwenyewe. Nilikuwa na gari lenye kabureta mbili za SU, aina ya Kiingereza, na ya mbele ilikuwa ikimwaga kila baada ya wiki moja hivi. Nilibadilisha sindano na kiti chake. Ikatulia, ikarudi. Nikabadilisha tena, nikiamini nimeuziwa kitu kibovu. Mara ya tatu nilifanya nilichopaswa kufanya mara ya kwanza: nilitoa bakuli bila kulitikisa na kumimina petroli yake taratibu kwenye sahani nyeupe ya bati. Ilipotulia, chini palibaki chembe nyeusi, ndogo kama chumvi. Niliibonyeza moja kwa ukucha. Haikuwa ngumu kama kutu, ilipakaa kama masizi. Ilikuwa raba. Chujio langu lilikuwa jipya, lakini lilikuwa kabla ya pampu, na baada yake kulikuwa na kipande cha mpira wa mafuta chenye urefu wa kiganja kilichokwenda kwenye kabureta. Kwa nje mpira ule ulikuwa unang'aa. Nilipoupasua kwa wembe kwa urefu, ndani ulikuwa umebanduka vipande kama gome la mti mkavu.

Tangu siku hiyo, sahani nyeupe ni kifaa changu cha kwanza. Chembe nyekundu au za kahawia zinazovutwa na sumaku ni kutu ya tangi. Nyeusi laini ni mpira. Utelezi wa kijani au weupe kama jeli, pamoja na matone yanayozunguka chini bila kuchanganyika na petroli, ni maji na matokeo yake kwenye metali. Petroli nyingi za leo zina ethanoli, na mipira iliyotengenezwa zamani haikuandaliwa kwa hiyo. Nunua mpira wenye alama ya R9, yaani unaostahimili ethanoli, na weka chujio dogo karibu kabisa na kabureta.

Sindano ikiwa safi lakini bado inavuja, itazame ncha yake kwa lenzi ya kukuzia. Ya chuma iliyochoka ina mduara uliochimbika kuizunguka, kama pete nyembamba, mahali inapogusana na kiti. Yenye ncha ya raba ngumu inaweza kuwa imekakamaa au kupata bonde. Badilisha sindano na kiti pamoja, kwa sababu sindano mpya kwenye kiti kilichochimbika haitafunga. Kupima bila gari: weka mfuniko ukiwa juu chini ili uzito wa boya uisukume sindano kitini, kisha puliza kwa mdomo kupitia mpira safi kwenye njia ya petroli. Pumzi isipite kabisa.

Boya lenyewe linaweza kuwa linazama. La shaba lililo na ufa huingiza petroli na kuwa zito. Litikise karibu na sikio, utasikia petroli ikicheza ndani. Ukiwa na shaka, litumbukize kwenye maji ya moto, mbali na petroli. Hewa iliyo ndani inapanuka na kutoka kwa vipovu vidogo pale penye tundu. Linaweza kuzibwa kwa lehemu, lakini lazima kwanza petroli yote na mvuke wake viwe vimetoka kabisa, la sivyo boya linaweza kulipuka mkononi mwako. Tumia pasi ya umeme ya kulehemu, kamwe si moto wa wazi, na weka lehemu kidogo mno, kwa sababu kila gramu unayoongeza inalifanya boya lielee chini zaidi na petroli ipande juu zaidi. Kusema kweli, kama boya jipya linapatikana, nunua jipya.

Maboya ya aina ya sponji ngumu yasiyo na uwazi ndani, yale yanayotumika kwa mfano kwenye Rochester Quadrajet za magari ya Marekani, yana ujanja wao. Hayatoboki, bali hunywa petroli polepole kwa miaka. Hayatoi sauti yakitikiswa na hayatoi vipovu. Yanaumbuliwa na mizani: yapime, linganisha na uzito wa boya jipya la aina ileile. Magari ya zamani zaidi yana maboya ya koki, yaani gome jepesi la mti kama la vizibo vya chupa, yaliyopakwa shelaki, aina ya vanishi. Shelaki huyeyuka kwenye alkoholi, kwa hiyo petroli yenye ethanoli inaivua, na koki iliyobaki uchi inalowa.

Kisha kuna presha, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kabureta nyingi za zamani za Ulaya, zikiwemo SU na Weber, zinataka karibu psi (pauni kwa inchi ya mraba) 2 hadi 4. Zile kubwa za Marekani zinavumilia psi 5 hadi 7. Pampu ya umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la injeksheni inaweza kutoa zaidi ya psi 40, na hakuna boya litakaloishinda nguvu hiyo. Hata pampu mpya inayouzwa kama ya kabureta inaweza kuzidisha. Weka geji kwenye kiungo cha T karibu na kabureta na usome, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa, maana hapo ndipo petroli inatumika kidogo na presha inakuwa juu. Ikizidi, weka kidhibiti presha au rudisha pampu ya asili. Ukubwa wa tundu la kiti nao unahusika: tundu likiwa pana, presha ileile inaisukuma sindano kwa nguvu kubwa zaidi, kwa hiyo usiweke kiti kikubwa kwa kudhani unaongeza nguvu za gari.

Baadhi ya sababu ni ndogo na zinaonekana haraka. Boya linasugua ukuta wa bakuli, utaona alama inayong'aa ubavuni. Pini ya bawaba imelika, boya linayumba. Gasketi ya mfuniko ni ya aina nyingine na inaingia kwenye njia ya boya. Kwenye SU za aina ya HS, kipande kinachounganisha bakuli na mwili wa kabureta kinakuja kwa pembe tofauti kulingana na mlalo wa manifoldi, yaani bomba linalogawa mchanganyiko kwenye silinda. Ukikosea pembe, bakuli zima linakaa juu au chini na hakuna kukunja ulimi kutakakokuokoa.

Mambo mawili yanajifanya ni boya na kumbe si boya. La kwanza ni joto. Umeendesha vizuri, umezima, umerudi baada ya robo saa, gari haliwaki na linanuka. Fungua chujio la hewa uchungulie koo la kabureta kwa tochi. Ukiona petroli inachuruzika mdomoni mwa jeti huku bakuli likitoa sauti ya kuchemka, basi ni joto la injini lililopanda kwenye kabureta baada ya feni na mwendo kukoma. Petroli inachemka na kujimwaga kwenye manifoldi. Angalia kama kipande kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi kipo, kama bati la kinga halijatolewa, na kama bomba la petroli halilali juu ya manifoldi ya moshi. Kuliwasha, kanyaga pedeli mpaka chini na uishikilie hapo huku ukipiga stata. Usiipampu, maana kila ukipampu unaongeza petroli.

La pili ni kupinda kwa nyuso za kabureta. Zenith 36IV ya Land Rover za zamani inajulikana kwa hili: mfuniko na kitalu cha jeti vikipinda, petroli inapenya kati yao na injini inazama kwenye mafuta hata boya likiwa sahihi kabisa. Weka rula ya chuma kwenye uso uliosafishwa, angalia mwanga chini yake. Unanyooshwa kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo bapa, kwa mzunguko wa namba nane, bila haraka.

Kiwango kikiwa chini

Gari lenye njaa linakohoa likikanyagwa, linarusha mlipuko kupitia kabureta, linapata nafuu ukivuta choki kidogo, na plagi zake ni nyeupe. Swali kubwa ni moja: je, boya limepangwa chini, au petroli haifiki?

Tofauti ni hii. Boya lililopangwa chini linaonyesha ubovu muda wote, hasa mwanzo wa kukanyaga, hata kwenye barabara tambarare. Petroli isiyofika inajificha. Gari linaondoka vizuri, linakimbia, kisha kwenye mlima mrefu linaanza kulegea, linamisi, linazima. Unasimama dakika moja, linawaka na kwenda tena kama halijawahi kuumwa, kwa sababu bakuli limejaa upya. Ukiweza kusimama salama mara tu linapolegea, zima, subiri joto lipungue, fungua mfuniko wa bakuli bila kuwasha swichi. Petroli ikiwa imebaki vidole viwili chini ya kawaida yake, acha boya, fuata njia ya mafuta kurudi nyuma.

Anza na mfuniko wa tangi. Ukiufungua ukasikia hewa ikivutwa kwa mlio, tundu la hewa limeziba na pampu ilikuwa inashindana na ombwe. Endesha ukiwa umeulegeza kidogo kwa umbali mfupi, uone kama ugonjwa unapotea. Kisha chujio zote, likiwemo lile dogo la waya lililojificha kwenye kiungo cha kuingilia kabureta, ambalo watu wengi hawajui kama lipo. Kisha mpira wa upande wa kufyonza, kati ya tangi na pampu. Ufa wa hapo hauvuji petroli. Unaingiza hewa, hivyo usitegemee kuona unyevu.

Kama gari lina pampu ya umeme ya SU, itakusimulia mambo kwa sauti yake. Washa swichi bila kuwasha injini. Inapaswa kupiga tik-tik-tik kwa haraka bakuli zikijaa, kisha ipunguze na kunyamaza. Ikiendelea kupiga haraka bila kuchoka, ama inavuta hewa, ama petroli inapita mahali isipotakiwa, yaani sindano haifungi. Isipopiga kabisa huku bakuli ni tupu, kagua kwanza waya wake na kiungo chake cha ardhi.

Gari lililolala miezi mingi lina kisa chake. Petroli iliyokauka inaacha utando wa kahawia unaonata kama gundi, na sindano inaweza kuganda kitini ikiwa imefunga. Injini haipati tone. Kugonga kunaweza kuiachia, lakini utando ule uko pia kwenye jeti, kwa hiyo fungua na usafishe yote. Boya nalo linaweza kuganda kwenye pini yake, au likawa linashuka kidogo tu kwa sababu ulimi wa kuzuia kushuka umekunjwa vibaya, na hapo sindano haifunguki vya kutosha kwa mwendo wa kasi.

Nigusie pia bakuli kuwa tupu baada ya gari kukaa wiki moja. Wengi wanalaumu pampu kwamba imerudisha petroli tangini. Bomba linaweza kurudisha, lakini bakuli haliwezi kwa urahisi, kwa sababu kwenye kabureta nyingi petroli inaingilia juu, kwenye mfuniko, juu ya kiwango chenyewe. Kilichotokea kwa kawaida ni kwamba sehemu nyepesi za petroli zimepaa, hasa kama ulizima injini ikiwa ya moto. Kwenye Quadrajet kuna ubovu mwingine unaojulikana: vizibo vya chini ya visima vya jeti vinavuja, bakuli linajimwaga kwenye manifoldi usiku.

Kupima petroli yenyewe

Kupima urefu wa boya mezani ni kukisia kiwango. Kinachotafutwa ni mahali petroli inapofika gari likiwa limesimama sawasawa, injini ikiunguruma, presha halisi ya pampu ikiwa ipo. Kama bakuli lina nati ya kumwagia chini, tafuta kiungo kinachoingia hapo, funga mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, uinue wima ubavuni mwa bakuli. Petroli ndani ya mpira itasimama sawa na ile ya ndani, na unaisoma kama unavyosoma kipimajoto. Hapo unaona kila kitu: kiwango kinachopanda polepole kwa dakika tano ni sindano inayovuja, kinachoporomoka ukiongeza mzunguko ni petroli isiyofika.

Kabureta nyingine zimerahisisha. Holley nyingi zina kizibo cha kuchungulia ubavuni mwa bakuli. Kikitolewa, petroli inapaswa kugusa tu ukingo wa chini wa tundu, na sindano inarekebishwa kwa nje. Solex ya Volkswagen Beetle inapimwa kwa kuzima, kufungua mfuniko na kupima kutoka ukingo wa bakuli hadi petroli. Kwenye toleo la 34 PICT-3 ni karibu milimita 19 au 20. Hapo ulimi haukunjwi. Unabadilisha unene wa wosha iliyo chini ya kiti cha sindano: wosha nene inashusha sindano, inafunga mapema, kiwango kinashuka.

Kwa zile zinazopangwa mezani, SU za HS zenye boya la nailoni na bawaba ya chuma hupimwa mfuniko ukiwa juu chini, kwa kupitisha ncha ya keekee ya inchi 1/8, yaani milimita 3.2, kati ya mkono wa boya na uso wa mfuniko. Weber DCOE nyingi zenye boya la shaba zinataka milimita 8.5 sindano ikiwa imefunga na 15 boya likiwa limeshuka kabisa, mfuniko ukiwa umeshikwa wima. Wima ina sababu yake. Sindano nyingi zina kitufe chenye springi ndani. Ukiulaza mfuniko, uzito wa boya unaibana springi hiyo na kipimo kinakudanganya kwa zaidi ya milimita moja. Kitabu cha kabureta yako ndicho chenye neno la mwisho, maana namba zinabadilika kutoka toleo hadi toleo.

Unapokunja, kunja ulimi mdogo unaogusa sindano, usikunje mikono ya boya. Na usiukunje ulimi ukiwa umeegemea ncha ya raba ya sindano. Inua boya, kunja kidogo, shusha, pima. Badiliko la nusu milimita kwenye ulimi ni kubwa zaidi mwishoni mwa boya, kwa sababu mkono ni mrefu.

Kama gari ni zuri barabara ikinyooka lakini linakata kwenye kona za upande mmoja, au linazima ukifunga breki kwa nguvu, petroli inasukumwa mbali na jeti au inamwagikia mdomoni. Kiwango cha chini kidogo kinaonekana hapo kabla ya mahali pengine popote. Angalia pia kama boya halikuwekwa kinyume.

Baada ya kufunga kila kitu, kausha kabureta kwa kitambaa, washa swichi au piga stata kidogo ili bakuli lijae, kisha zungusha karatasi nyepesi kwenye gasketi na chini ya bakuli. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Endesha kilomita chache, zima, kagua tena baada ya robo saa, na asubuhi chomoa kijiti cha oili. Vyote vikiwa vikavu, rudi kwenye ile skrubu ya mchanganyiko: irudishe mahali pa kuanzia kama kitabu kinavyosema, pasha injini moto, na uirekebishe upya, kwa sababu mahali ilipokuwa palipangwa kwa ajili ya kiwango kibovu.